Viatu vya Kupandia na Kushukia

Kuku ametotoa, Kabula! Ametotoa leo mchana, vifaranga wametoka wote isipokuwa yai moja viza, na kiatu cha kushoto sasa kiko huru. Ninavyo viwili hapa mbele yangu, cha kushoto na cha kulia, nimevisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka vidole vimenichubuka. Viatu unavyo, mwanangu!

Sasa nikusalimie, maana nimeingia bila hodi. Hujambo mama? Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo wangu unaujua. Usishtuke kuona barua badala ya mtu. Simu yangu imezima tangu asubuhi, na umeme wote wa sola wa mwenyeji wangu huku, Mama Spes, umefungwa kwenye spika za sherehe. Nimeomba karatasi, nimekaa nyuma ya jiko, watu wanamenya vitunguu hapa pembeni, kwa hiyo ukiona wino umelowa mahali usianze kufikiria mengine. Ni vitunguu.

La pili si zuri kama la kwanza. Kesho sitakuwepo stendi kukuaga. Viatu vitakuja na dereva anayepeleka nyanya sokoni Tabora, ameapa kwamba atafika kabla basi lako la Arusha halijawasha injini, na baba yako atavipokea. Mimi nitabaki huku Ulyankulu napika pilau. Ndiyo, pilau. Usikunje uso hivyo, nakuona. Ngoja nikupe kisa chote tangu mwanzo, kwa sababu nusu yake unaijua na nusu nilikuficha kwa aibu.

Unakumbuka siku uliyonipigia kutoka Moshi kuniambia umechaguliwa? Mimi nilikuwa nimeinama nampimisha mtu raba. Uliposema, "Mama, nimepata ile nafasi ya Austria, miezi mitatu, mafunzo ya kuongoza watu kwenye milima ya theluji," nilimwacha mteja na mguu mmoja hewani. Nilizunguka soko zima. Niliwaambia wauza viatu, wauza mashuka, wauza dagaa, nikamwambia hata askari wa manispaa aliyekuwa amekuja kutufukuza barabarani, naye akasahau kutufukuza. Mtoto niliyemzaa mimi, aliyeanza kwa kuwabebea watalii mabegi Kilimanjaro, sasa Wazungu wanamwita kwao akafundishwe kuwaongoza kwenye milima yao wenyewe! Mama Zuhura wa meza ya jirani akaniuliza, "Sasa huko mwanao anakwenda kufanya nini hasa?"

Nikamwambia, "Pamoja na mengine, kuteleza."

"Kuteleza?" akasema. "Si angeteleza hapa hapa Mtendeni wakati wa masika, bila kukata tiketi?"

Tukacheka mpaka mteja wangu akajivalisha kiatu mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa sijaelewa bado, ndiyo maana ulipokuja kuaga nilikukalisha uani ukanichorea kwa kijiti. Ukasema mbao mbili ndefu zinafungwa chini ya viatu. Wakati wa kupanda zinashika pua ya kiatu tu, kisigino kinanyanyuka, unakwenda kama mtu anayetembea. Ukifika juu unafunga na kisigino, unashuka kwa kuteleza. Na pale ambapo mlima umesimama kama ukuta unazivua mbao, unazifunga begani, unatia meno ya chuma chini ya viatu hivyo hivyo, unakwea. Kiatu ni kimoja. Kupanda hicho, kukwea hicho, kuteleza hicho. Na kila mwanafunzi anatakiwa aje na chake. Asiye na kiatu kinachofaa anabaki chini anawaangalia wenzake wakipanda.

Hapo mimi nikaacha kucheka. Miezi mitatu kukaa chini ya mlima unaangalia wenzako? Wewe?

Ndipo ukatoa vile vyekundu, alivyokupa yule mama wa Kizungu uliyempandisha Kilimanjaro akafika kileleni akilia. Vizuri kwa macho, sikatai. Vinang'aa kama pikipiki mpya. Ukavivaa, ukafunga vifungo vyote vinne, ukatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye banda la kuku. Baba yako akaweka redio chini akasema, "Mama Kabula, njoo uone korongo." Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia vifundo vya miguu yako. Havikucheza hata kidogo. Ulipoinama kuokota ndoo, ulikunjika kiunoni kama mzee, magoti hayakwenda mbele. Na ulipoona namna ninavyokuangalia ukasema, "Vitatosha, mama."

Hilo "vitatosha" nalijua. Nimelisikia sokoni miaka na miaka. Mteja akilisema, ujue kiatu kinambana na hataki kusumbua.

Sasa acha nikuambie nilivyoyajua mambo ya viatu vya namna hiyo, ndiyo ile nusu ya aibu. Kabla wewe hujawahi kuuona mlima, nilifungua robota la mitumba nikakuta jozi moja, ya kijani, ganda gumu la plastiki, vifungo vya chuma. Sikujua ni vya nini. Unadhani nilimuuliza mtu? Mimi? Nilivipaka mafuta, nikaviweka mbele ya meza, na Maganga, yule mchimbaji wa Nzega, alipopita nikamwita. Nikamwambia hivi ni vya wachimbaji wa Ulaya, jiwe likikuangukia mguuni linalopasuka ni jiwe. Niliyasema kwa uhakika mpaka nikayaamini mwenyewe. Maganga akavivaa pale pale, akaondoka anapiga hatua kama gwaride, mimi najisifu kwa Mama Zuhura kwamba kuuza ni kipaji.

Baada ya siku chache akarudi. Viatu kaning'iniza shingoni, kavaa ndala, mbele ya miguu kachubuka yote. Akasimama katikati ya soko, asubuhi watu wamejaa, akauliza kwa sauti, "Mama Kabula, hiki ni kiatu gani kisichomruhusu mtu kwenda chooni?"

Nikamwambia, "Punguza sauti, Maganga."

"Sipunguzi! Nimesimama mle ndani kama mlingoti! Kuchuchumaa hakikubali, kuvua siwezi, vifungo vimegoma! Nimeitwa zamu nikiwa bado nimesimama!"

Soko likalipuka. Mpaka leo wakitaka kunikera wanauliza kama nina viatu vya kusimamia. Nilimpa Maganga buti za mpira nikamwomba radhi, na vile vya kijani nikavitupa. Lakini nilijifunza kitu ambacho nadhani hata hao walimu wako watakisema kwa maneno marefu zaidi: kiatu kinachokataa kuchuchumaa kitakataa kupanda. Goti lisipoweza kwenda mbele, mlima utaupandaje? Na nilijifunza kwamba mdomo wangu hutangulia macho yangu. Hilo la pili nilijifunza vibaya, maana ndilo lililonifanya leo niwe hapa na si nyumbani.

Basi ukasema viko vingine, vyepesi, vyenye komeo dogo nyuma ya kisigino. Ukifungua komeo, kifundo kinacheza, unapanda. Ukilifunga, kiatu kinakaza, unateleza. Ukasema na mbele ya pua lazima kuwe na vitundu viwili vya chuma, kimoja kila upande, vya kushika zile mbao. Ukaniambia, "Lakini mama, vya namna hiyo sitavipata sasa hivi, usijisumbue." Unaniambia mimi nisijisumbue! Kesho yake kila muuza viatu kuanzia Tabora mpaka Nzega alikuwa anatafuta. Waliniletea buti za zimamoto. Waliniletea viatu vyenye magurudumu. Mmoja aliniletea kiatu cha chuma cha hospitali, cha mtu aliyevunjika mguu, nikamwambia ahsante, Mungu apishe mbali.

Mama Zuhura ndiye aliyeviona. Alikuja mnadani huku Ulyankulu, akaenda kununua mayai kwa mama mmoja, Mama Spes, na alipooneshwa kuku akaona amelalia ndani ya kiatu kikubwa cha kijivu chenye komeo nyuma. Mwenzake kiko pembeni kimejaa mbegu za maboga. Kumbe mume wa Mama Spes alivinunua mnadani avae shambani kwenye tumbaku wakati wa mvua, vikamshinda, akavitupa jikoni, kuku akaona nyumba.

Nilipanda bodaboda nikaja. Ulidhani nimekwenda kudai watu wangu, nilikuja huku. Nikamkuta Mama Spes, mama mkarimu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi na mabegi kichwani, yeye kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Cha kulia chukua, dada. Cha kushoto kina mtu."

Nikamwambia kuku anaweza kuhamishwa, mayai yakawekwa kwenye kikapu.

"Ukimhamisha atayasusa," akasema. "Na huyu si kuku tu. Spes wangu anaolewa. Huyu na vifaranga wake wataondoka naye, akaanzie maisha. Kwa hiyo subiri atotoe."

Yeye anamfungashia binti yake kuku, mimi namfungashia binti yangu kiatu, na vyote vimo katika kitu kimoja. Nikakaa, nikanywa uji, na kwa sababu siwezi kukaa kimya, nikaanza kujisifu. Nikamweleza pilau yangu. Nikamwambia kwamba Mtendeni hakuna shughuli inayofanyika bila mimi kusimama kwenye sufuria, kwamba Waarabu wenyewe wa mjini wameniuliza siri ya viungo. Mmoja tu aliniuliza, tena aliuliza kama nimesahau chumvi, lakini ndivyo nilivyosema.

Leo asubuhi nikarudi, nikijua kesho unaondoka na kuku asipototoa leo basi. Nimekaa mbele ya huyo kuku kama mkunga. Yai la kwanza lilipopasuka nilipiga kigelegele, watu wakadhani bwana harusi amefika. Na mchana vifaranga walipokwisha kutoka, Mama Spes akamwinua mama yao taratibu, akamweka kwenye kikapu, akanipa kiatu. Nikamuuliza nimpe nini. Akasema, "Sitaki kitu. Ila mpishi wangu wa send-off ya kesho amepata msiba kwao, ameondoka alfajiri. Wageni ni hao unaowaona wanaanza kufika. Na wewe, dada, si uliniambia?"

Nilimwambia nini mie! Kabula, nilijitega mwenyewe. Ningeweza kusema mwanangu anasafiri kesho, naye angenielewa, ni mzazi. Angeniachia niondoke na viatu na angebaki na wageni wasio na chakula, na Spes angeagwa kwa aibu. Nikamwangalia yule binti anasukwa nywele pale mkekani, anacheka na wenzake. Nikasema, "Nipe mwiko."

Ndiyo hivyo. Kesho wewe unapanda basi Tabora, mimi nitakuwa nimesimama kwenye moshi, nawapikia watu wanaomuaga mtoto wa mwenzangu. Nimelia kidogo. Nimekwambia ni vitunguu, lakini si vitunguu vyote.

Tuache hayo, turudi kwenye viatu, maana ndilo jambo. Nimevipima. Mguu wako ni mguu wangu, hilo halina ubishi, vidole vyako hata kile kilichopanda juu ya mwenzake umekitoa kwangu. Nilivaa soksi mbili nikavitia mguuni, nikasimama uani mbele ya wageni. Nikafungua makomeo yote mawili, nikachuchumaa. Nimekwenda mpaka chini, Kabula! Magoti yamepita vidole, kisigino hakikunyanyuka ndani. Nikainuka, nikafunga makomeo, nikajaribu tena. Aa, wapi! Vilinishika kama saruji, nikaenda nyuma mzima mzima, nikakalia beseni la nyanya.

Mama Spes akatoka jikoni, "Dada, mbona unacheza kabla ya muziki?"

Nikamwambia, "Sichezi. Napanda mlima wa mwanangu."

Vitundu vya mbele vipo, nimeingiza misumari miwili vikaipokea vizuri, havina kutu ila vumbi. Soli ni ya mpira, imekula kidogo upande wa nje, aliyevivaa kwanza alikuwa anatembea kama baba yako. Ganda nimeligonga pande zote kwa kijiko nikisikiliza, halafu nikalishika mbele ya jua kutafuta ufa. Plastiki huuliwa na jua, hivi vimekaa jikoni kivulini. Lakini sikiliza, mimi ni muuza viatu wa Tabora, theluji sijaiona. Ukifika muoneshe mwalimu kabla hujavivaa. Akisema ganda limechoka, ni limechoka, usibishane naye kwa sababu mama yako kavisugua.

Kiatu cha ndani, kile laini cha kuvutwa, cha kulia ni kizima. Cha kushoto hakifai, sitaki kueleza, kuku ni kuku. Ndiyo sababu nakwambia usiviache vile vyekundu hapo ulipo sasa hivi. Vitoe vya ndani, vyote viwili, uvitie kwenye hivi vya kijivu. Nilipima urefu wa vile vyekundu kwa uzi nikafunga fundo, na huo uzi ninao; fundo limefika pale pale. Vaa jioni, siyo asubuhi, mguu wa jioni umevimba na unasema kweli. Kwa kuwa unaondoka asubuhi, vivae ukifika Arusha jioni, utembee ngazi za nyumba ya kulala wageni ukipanda na kushuka. Wakushangae.

Najua unachowaza. Unamwaza yule mama aliyekupa vyekundu, kwamba atajisikia vibaya. Wewe una moyo wa namna hiyo na sijui umeutoa wapi, kwangu hukuutoa. Mwandikie mshukuru, mwambie sehemu ya viatu vyake imepanda na wewe. Itakuwa kweli.

Mimi kubanwa na kiatu cha heshima nakujua. Ile picha ya harusi yangu ukutani, unayouliza kila mara kwa nini nimekunja uso, na mimi hukujibu kwamba zamani bibi harusi alikuwa hacheki. Uongo. Shangazi yangu wa Igunga alinipa viatu vyake vyeupe, vidogo kwangu, nikaona aibu kumwambia. Nilisimama navyo kanisani, nikasimama navyo kwenye picha, nikacheza navyo mpaka jua likazama. Watu wa upande wa baba yako walinong'ona kwamba nimelazimishwa kuolewa. Baba yako mwenyewe aliamini! Tulipofika nyumbani akaniuliza kwa upole kama nataka arudishe mambo kwa wazee. Nikavua viatu, akaona vidole, akaenda kunipashia maji ya chumvi. Hapo ndipo nilipompenda, kama hujui. Lakini siku yangu ya furaha ilikwisha nikiwa naiwaza miguu, na yule shangazi, nilipomweleza baadaye, alisema, "Si ungeniambia tu, ningekuazima vya mwanangu." Kwa hiyo kitu kikikubana huko, kiatu au mtu, sema siku ya kwanza. Hawatakuchukia. Na wakikuchukia, angalau vidole vyako vizima.

Na nilikubana wewe kwa upande mwingine. Viatu vya shule, Kabula. Kila mwaka vikubwa kuliko mguu, nikikwambia utavikulia, nikijaza magazeti mbele. Muuza viatu mzima mtoto wake anavaa magazeti! Ulipoanguka kwenye mbio za shule, umewaacha wote nyuma, kiatu kikatoka kikaenda njia yake, nilikugombeza kwa kutofunga kamba. Kamba zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa namvalisha mtoto wa mwaka unaofuata, yule aliyekuwepo nikamwacha anapwaya. Nimefanya hivyo hata nje ya viatu; ulipokuwa unabeba mizigo mlimani nilikuwa nawaambia watu wewe ni kiongozi, ulipokuwa msaidizi wa kiongozi nikawaambia una kampuni. Ulikuwa unaona aibu nikikutambulisha. Sasa nakwambia: mguu ulio nao leo unanitosha. Nenda nao huo huo. Huko wapo wanafunzi waliozaliwa kwenye theluji, wametambaa juu yake. Utaanguka zaidi yao, mwanzoni, mbele yao. Anguka. Usijifanye unajua, hiyo kazi mwachie mama yako.

Lakini jambo moja sitaacha kujisifu hata Mungu akiniita. Watu wakuulize wewe wa wapi, usiseme tu Tanzania. Sema Tabora. Sema babu ya babu yako alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, pekupeku, akarudi na mzigo wa nguo, akaenda tena. Zamani huku kijana alikuwa haitwi mwanaume mpaka aione pwani kwa miguu yake. Nakubali, kila nikisimulia ule mzigo wa babu unaongezeka uzito, baba yako anasema karibu utakuwa tembo mzima. Lakini kutembea alitembea. Na ninyi wabebaji wa Kilimanjaro mnajiita wagumu. Jina zuri, ila kwetu ugumu haukuanzia huko. Mwinuko wowote watakaokupa, damu yako imeuzoea mzigo.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta, kusali, simu na fedha sikuandikii, baba yako ameyasema yote mpaka ukalala. Mimi ninalokuomba ni uamuzi wako mwenyewe. Viatu hivi nimevihangaikia, nimekalia beseni la nyanya kwa ajili yake, na kwa ajili yake nakosa kukushika mkono kesho. Hiyo isikufanye uvivae. Ukivitia mguuni ukaona vyekundu ni bora, panda na vyekundu, mimi sitakasirika. Nitanuna siku mbili, halafu nitawaambia sokoni kwamba ulikuwa na jozi mbili. Nilikuwa na njia mbili, kuja stendi nikulilie dirishani au kukutumia kitu cha kukanyagia. Nimechagua, na moyo wangu umetulia kuliko nilivyodhani. Utakapokuwa juu huko, kisigino kikinyanyuka bila kukwama, ujue nilikuaga.

Baba yako atajifanya hana neno kesho. Mshike yeye mara mbili, moja ya kwangu.

Hapa wameanza kuniita, mchele umeshaoshwa na Mama Spes anauliza karafuu ngapi. Nimemweleza habari zako zote, na Spes naye kasikia, kaja kuketi karibu yangu ananiuliza kama naogopa. Nimemwambia naogopa sana na nina furaha sana, vyote viko sufuria moja. Akacheka, akasema mama yake naye yuko hivyo hivyo.

Kukuaga nimeshindwa, kwa hiyo kukupokea ni kwangu, nisiambiwe kitu na mtu. Utakuwa umerudi kabla ya Pasaka, ulisema mwenyewe. Nimeanza kuwaalika: shangazi yangu wa Igunga, Mama Zuhura na soko lake lote, Maganga aje na wachimbaji wenzake, Spes na mumewe, Mama Spes nimemwambia hatapika, atakaa tu. Wameniuliza siku, nikawaambia waandike: Jumatatu ya Pasaka, mchana, Mtendeni, nyumbani kwa Kabula.

Mama yako